Mshauri kwenye kioo cha simu: tathmini ya huduma iliyokuzwa na miaka ya karantini

Miongoni mwa huduma zilizopanuka ghafla baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, ni ushauri nasaha unaotolewa kwa njia ya video. Huduma yenyewe ilikuwapo tangu zamani, ila watumiaji wake walikuwa wachache na wataalamu wengi waliitazama kwa mashaka. Kisha milango ya kliniki ikafungwa. Katika uchunguzi wa nchi 130 ambao matokeo yake Shirika hilo liliyatoa Oktoba 2020, asilimia 93 ya nchi hizo zilieleza kwamba huduma zao za afya ya akili zilikuwa zimevurugika au kusimama kabisa, na asilimia 70 zilisema zilikuwa zimegeukia simu na video ili kuziba pengo. Hata hapo mwenye nacho ndiye aliyeongezewa: zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri ziliripoti kutumia njia hiyo, ilhali nchi maskini hazikufikia nusu.

Tathmini hii inahusu programu moja ya aina hiyo, ambayo nilijiunga nayo wakati masharti ya kutotoka nje yakiwa makali na nikaendelea kuitumia hata baada ya masharti hayo kulegezwa na hatimaye kuondolewa. Sitaitaja jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza ni za huduma nyingi za namna hii, na si haki kumbebesha mmoja lawama za wote. Hukumu yangu niitoe mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: huduma hii inamfaa sana mtu ambaye mwenendo wake wa kila siku umevurugwa na kufungiwa ndani, lakini inamfaa kwa muda, na wenye huduma hawaonekani kuutambua ukomo huo.

Mtu akishajiandikisha, kabla ya kuonana na yeyote, hujaza dodoso mbili. Ya kwanza ni PHQ-9, yenye maswali tisa kuhusu sonona, na ya pili ni GAD-7, yenye maswali saba kuhusu wasiwasi uliopitiliza. Zote mbili zilitungwa na jopo la wataalamu lililoongozwa na daktari Robert Spitzer wa Marekani. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2001 na ya pili mwaka 2006, na hospitali nyingi duniani huzitumia. Kila swali linamtaka mhusika aseme, katika wiki mbili zilizopita, amesumbuliwa na jambo fulani kwa kiasi gani: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Majibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi tatu, na anayefikisha alama 10 katika dodoso la sonona huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Ukizijaza dodoso hizo ukiwa umefungiwa ndani, unaanza kuona ugumu ambao watungaji wake hawakuwa na sababu ya kuufikiria. Swali la kwanza linauliza iwapo umepungukiwa na hamu au furaha ya kufanya mambo. Mambo yapi? Mikusanyiko imekatazwa, viwanja vya michezo vimefungwa kwa kufuli, na kumtembelea mgonjwa au kumzika ndugu kumewekewa idadi ya wanaoruhusiwa. Swali la tatu linauliza kuhusu kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, ilhali mtu asiye na saa ya kutoka hana pia saa ya kulala. Swali la nane linauliza iwapo unatembea au kuzungumza polepole kiasi cha watu kugundua, na mtu anayeishi peke yake anabaki kujiuliza ni watu gani hao ambao wangemgundua. Alama zinajumlishwa, rangi ya chungwa inatokea kwenye kioo, na programu inakuambia kwamba hali yako ni ya wastani kuelekea mbaya, bila namna yoyote ya kutenganisha maradhi na mwitikio wa kawaida wa binadamu aliyezuiwa kuishi kama alivyozoea.

Simlaumu aliyetunga dodoso. Ninawalaumu wenye programu, ambao walikuwa na nafasi ya kuongeza maswali machache tu: unaishi na nani, una mlango wa kufunga, umetoka nje mara ya mwisho lini, kipato chako kimekatika au la. Majibu ya maswali hayo yangemfaa mshauri kuliko jumla ya alama. Mapitio ya tafiti 24 kuhusu karantini yaliyochapishwa Februari 2020 katika jarida la The Lancet, na kundi la watafiti wa King's College London lililoongozwa na Samantha Brooks, yalikuwa tayari yamekwisha kuorodhesha vinavyomuumiza mtu aliyetengwa: muda mrefu wa kutengwa, hofu ya kuambukizwa, uchovu wa kukosa la kufanya, upungufu wa mahitaji, taarifa zisizoeleweka, hasara ya fedha na unyanyapaa. Orodha hiyo ilikuwa mezani mwanzoni kabisa mwa janga. Ingekuwa dodoso, ingekuwa dodoso zuri.

Mshauri niliyepangiwa, kwa bahati, aliziweka alama pembeni katika kikao cha kwanza na kuanza kuuliza mambo hayohayo kwa mdomo. Hapa ndipo huduma inapostahili sifa zake zote. Nilikuwa nimetarajia mazungumzo marefu kuhusu hisia na utoto. Badala yake kikao kilihusu saa. Unaamka saa ngapi, unakula wapi, unafanyia kazi wapi, simu yako inalala wapi. Aliponisikia nikisema kwamba kitanda kimekuwa ofisi, sebule na jumba la sinema kwa wakati mmoja, hakutoa nasaha ndefu. Alinitaka nikitumie kitanda kwa kulala tu. Nisikipande kabla ya usingizi kunishika, na usingizi usipokuja kwa muda nitoke kitandani niende kukaa kwingine hadi urudi. Maelekezo hayo yana asili yake: yaliwekwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na hadi leo yamo katika tiba ya kukosa usingizi isiyotumia dawa. Yanasikika mepesi mno kiasi cha mtu kuyadharau. Kwa aliyefungiwa katika chumba kimoja si mepesi hata kidogo, kwa sababu huko kwingine kwa kwenda kukaa hakupo, na ilibidi tuafikiane kwamba kiti kilichogeuzwa kuelekea dirishani kihesabiwe kuwa ni chumba cha pili.

Baada ya kitanda likafuata jedwali. Programu ina ukurasa wenye safu tatu, ambapo mtumiaji huandika alichofanya, saa aliyokifanya, na alama kuanzia sifuri hadi kumi kuonyesha moyo wake ulikuwaje. Huu ni mkondo wa tiba uliotokana na kazi ya mwanasaikolojia Peter Lewinsohn katika miaka ya 1970, unaoshikilia kwamba sonona hulishwa na kupungua kwa matendo yenye faraja, na kwamba mgonjwa hapaswi kungoja hamu irudi ndipo atende. Aanze kutenda, hamu itafuata nyuma. Jedwali langu la siku za kwanza lilikuwa karibu tupu. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano kulikuwa na maneno mawili tu, “habari, simu”, na pembeni yake alama ya chini kabisa ya siku. Mshauri aliigusa safu hiyo kwa kalamu kwenye kioo chake, nikaiona duara nyekundu ikijichora kwenye kioo changu, akauliza ni habari gani ninayoitafuta kwa saa mbili. Sikuwa na jibu. Idadi ya wagonjwa wapya ilikuwa ikitangazwa mara moja kwa siku, nami nilikuwa nikiifukunyua tangu asubuhi kana kwamba ingebadilika kwa kutazamwa.

Mifano hiyo nimeirefusha makusudi, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo matangazo ya huduma hizi hayalisemi. Masharti ya janga yalianza kwa kubadili matendo ya watu, kisha matendo yakabadili mioyo yao. Mtu aliacha kuamka kwa saa maalumu, akaacha kuoga kabla ya kazi, akaacha salamu za njiani ambazo hakuwahi kuzihesabu kuwa ni kitu, akaanza kunawa mikono mpaka ngozi ikachanika, na mwezi mmoja baadaye akashangaa kwa nini analia bila sababu. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika The Lancet Oktoba 2021, uliokadiria kwamba janga liliongeza wagonjwa milioni 53 wa sonona na milioni 76 wa wasiwasi katika mwaka 2020 peke yake, uligundua kwamba ongezeko lilikuwa kubwa zaidi mahali ambapo maambukizi yalikuwa mengi na ambapo mizunguko ya watu ilipungua zaidi, na kwamba wanawake na vijana ndio walioumia kuliko wengine. Mshauri anayeanza na ratiba ya siku anaanza pale ambapo uharibifu wenyewe ulianzia. Kwa upande huu huduma niliyoitumia ilinitosheleza, na ninaamini ingemtosheleza mtu yeyote ambaye tatizo lake lilikuwa la aina hiyo.

Kuhusu video yenyewe, kuna kero moja ambayo inaweza kurekebishwa na haijarekebishwa. Muda wote wa kikao mtumiaji huiona sura yake mwenyewe kwenye kona ya kioo. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala yake ya Februari 2021 kuhusu uchovu unaoletwa na mikutano ya video, aliitaja hali hiyo kuwa mojawapo ya sababu nne za uchovu huo, pamoja na kutazamwa usoni kwa karibu mno, kukaa bila kusogea, na jitihada ya ziada ya kusoma ishara za mwili zisizoonekana vizuri. Mtu anayesimulia jambo la aibu hahitaji kujitazama akiaibika. Programu ina kitufe cha kuificha picha hiyo, lakini wamekizika ndani ya menyu ya mipangilio, chini ya sehemu ya sauti, na kila kikao kipya kinairudisha picha ilipokuwa. Ushauri wangu kwa wenye huduma ni kwamba picha ifichwe tangu mwanzo, na anayetaka kujiona ndiye abonyeze.

Sasa nije kwenye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, ambayo ni faragha. Katika ukurasa wa masharti ya matumizi yapo maelezo marefu kuhusu usimbaji wa mazungumzo, yaani kuyaficha kwa msimbo ili wengine wasiyasome, mahali data zinapohifadhiwa, na wajibu wa mshauri kutotoa siri ila pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini. Yote hayo ni mema. Lakini ulinzi wote huo unahusu wadukuzi walioko mbali, na haugusi kabisa masikio yaliyopo nyuma ya pazia. Huduma imebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye chumba chake, mlango wake na ukimya wake, ilhali kufungiwa nyumbani kuliondoa vitu vyote vitatu kwa mkupuo. UNESCO ilikadiria kwamba mnamo Aprili 2020 wanafunzi takriban bilioni 1.6 walikuwa wameathiriwa na kufungwa kwa shule. Maana yake ni kwamba nyumba zilizokuwa zikikaa kimya kuanzia asubuhi zilijaa watoto mchana kutwa, na wazazi waliokuwa na ajira zinazofanyika kwa kompyuta wakagombania meza ileile na watoto wao.

Ujumbe unaotumwa dakika kumi kabla ya kikao humtaka mtumiaji atafute “mahali tulivu pasipo na mtu mwingine”. Nimesikia watu wakieleza jinsi walivyofanya vikao vyao ndani ya gari lililoegeshwa, bafuni huku bomba likiwa limefunguliwa ili maji yafunike sauti, au kwenye ngazi za jengo wakinyamaza kila jirani anapopita. Mtu anayezungumza kwa namna hiyo anajibana. Anachagua maneno ambayo yakisikika hayatamgharimu, naye mshauri anayapokea maneno hayo kana kwamba ndiyo yote aliyonayo. Kwangu mimi lilikuwa jambo la kuudhi tu. Kwa mwingine ni la hatari. Tarehe 5 Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alizisihi serikali zishughulikie kuongezeka kwa ukatili majumbani ambako kuliambatana na masharti ya kutotoka nje, kwa kuwa wanawake wengi walikuwa wamefungiwa pamoja na wanaowatesa. Mwanamke wa namna hiyo akiulizwa kwenye spika ya simu, “Je, uko salama hapo ulipo?”, atajibu kwamba yuko salama.

Dawa ya tatizo hili ipo, na sehemu yake imo ndani ya programu hiyohiyo. Kuna sehemu ya kuzungumza kwa maandishi, ambapo mtumiaji na mshauri huandikiana bila sauti wala picha. Niliijaribu siku ambazo nyumba ilikuwa na watu, na kwa maoni yangu ina manufaa ambayo wenye huduma wameyapuuza kwa kuiita njia ya dharura ya pale mtandao unapokuwa dhaifu. Maandishi humpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kutuma, humwezesha kurudi kusoma alichoambiwa wiki iliyopita, na kwa aliyezungukwa na watu huonekana kama mtu yeyote anayechati. Upungufu wake ni kwamba mshauri hasikii sauti ikikatika wala haoni macho yakikwepa, na kimya cha dakika tatu kinaweza kuwa ni kilio au ni mtu aliyeenda kuzima jiko. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua kati ya video ya kunong’ona na maandishi ya uhuru, ningechagua maandishi. Ningependa pia kuona neno la ishara, lililoafikiwa tangu kikao cha kwanza, ambalo mtumiaji akiliandika au kulitamka mshauri anajua mara moja kwamba kuna mtu ameingia chumbani na mazungumzo yageuzwe kuwa ya kawaida. Mshauri wangu alibuni neno hilo mwenyewe nilipomweleza hali yangu. Lingepaswa kuwa utaratibu wa huduma nzima, lisitegemee busara ya mtu mmoja.

Mambo mengine nitayapitia kwa kifupi. Miadi inapangwa kwa urahisi na kuahirishwa bila adhabu iwapo taarifa imetolewa siku moja kabla. Kubadilisha mshauri kunawezekana bila kutoa maelezo, jambo ambalo ni la heshima, kwa sababu kutoelewana na mshauri si kosa la yeyote. Malipo ni ya mwezi, yawe yametumika au hayakutumika, nami ningependelea ya kikao kwa kikao. Programu ilikuwa ikinitumia kila jioni kikumbusho cha “kuangalia hali ya moyo wako”, nami nilikizima mapema: aliyekuwa ametulia hana haja ya kuulizwa kila jioni kama bado ametulia. Mazoezi ya kupumua yaliyorekodiwa yanafaa, ila sauti ya msomaji ina unyenyekevu uliozidi kipimo.

Suala zito linalobaki ni lile la baada ya masharti. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, na kabla ya hapo nchi nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoa masharti yao moja baada ya jingine. Matangazo ya serikali yalifungua milango. Hayakuwatoa watu nje. Jambo hili lingeweza kutabiriwa, kwani katika mapitio ya Brooks na wenzake niliyoyataja hapo juu kuna takwimu za watu waliowekwa karantini nchini Kanada wakati wa SARS, ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa, wa mwaka 2003. Katika wiki zilizofuata baada ya kuachiwa, asilimia 54 waliwakwepa watu waliokuwa wakikohoa au kupiga chafya, asilimia 26 walikwepa maeneo ya ndani yenye msongamano, na asilimia 21 walikwepa maeneo yote ya umma. Hiyo ilikuwa karantini ya siku chache. Karantini ya miezi, iliyorudiwa kwa awamu, isingetarajiwa kuacha alama ndogo zaidi.

Kwa mtu wa kundi hili huduma ya video ina hila ndani yake. Wasiwasi hukua kwa kukwepa: kila mara mtu anapokiepuka kinachomtisha hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha kuepuka tena. Tiba iliyothibitishwa kwa miaka mingi ni kumrudisha taratibu kwenye kile anachokikwepa, ngazi kwa ngazi, akikaa hapo mpaka hofu ishuke yenyewe. Sasa mtu anayeogopa kutoka nje anapewa huduma ambayo sifa yake kuu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, ni kwamba hutakiwi kutoka nje. Atapata msikilizaji mwema kila wiki, ataeleza hofu yake kwa ufasaha unaoongezeka, na mguu wake hautavuka kizingiti. Kumsafirisha mgonjwa hadi kliniki, kumkalisha kwenye foleni pamoja na wageni, kumlazimisha kumsalimu mpokezi, yote tuliyoyaita usumbufu na kufurahi kwamba yameondolewa, yalikuwa sehemu ya tiba ambayo hakuna aliyeiandika kwenye cheti.

Niseme kwa haki kwamba simu inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kumtoa mtu nje, pengine kuliko kliniki, kwa sababu kliniki haitembei na mgonjwa. Kikao changu kilichonifaa kuliko vyote katika kipindi hicho kilifanyika nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka lenye watu, vipokea sauti vikiwa masikioni na kamera ikiwa imezimwa, mshauri akiniuliza kila baada ya muda hofu iko alama ngapi. Ilianza nane. Nikaingia, nikasimama katikati ya safu mbili za rafu bila kununua kitu, mtu akakohoa nyuma yangu, ikapanda hadi tisa. Mshauri hakunituliza wala kuniambia kwamba hakuna hatari. Alinitaka tu nisitoke bado, na nisome kwa sauti maandishi ya kopo lililokuwa mbele yangu. Nilipofika kwenye tarehe ya kuisha muda wake hofu ilikuwa imeshuka hadi tano. Barakoa ilikuwa usoni mwangu siku hiyo, na katika vikao vilivyofuata tulijadili kwa muda mrefu iwapo bado naivaa kwa sababu za kiafya au imekuwa hirizi. Ni mjadala mgumu, kwa kuwa barakoa hupunguza maambukizi, na mtu mwenye mapafu dhaifu au anayemuuguza mzee ana haki kamili ya kuivaa bila kuitwa mgonjwa wa wasiwasi. Tofauti tuliyoipata ni ya kujiuliza: nikiivua mahali ambapo hata daktari wangu angeivua, je, ninaweza kukaa?

Kikao hicho hakimo katika orodha ya huduma. Mshauri alikifanya kwa hiari yake, na aliniambia kwamba mfumo ulimtumia onyo kwa sababu kamera ya mteja ilikuwa imezimwa kwa zaidi ya dakika kadhaa. Hapo ndipo ninapowalaumu wenye huduma kwa uzito zaidi. Wamejenga chombo kizuri cha kipindi cha kufungiwa na wanaendelea kukiuza kipindi cha kufunguliwa bila kukigeuza. Vikao vya nje vingepaswa kuwa na jina lao, muda wao na kanuni zao za usalama. Vilevile ingefaa, kila baada ya miezi michache, mtumiaji aulizwe iwapo sasa anaweza kumwona mtaalamu ana kwa ana, na apewe rufaa kama ipo. Ninafahamu kwa nini hawaulizi: anayelipa kwa mwezi na kukaa ndani ni mteja wa kudumu.

Kuhusu nani aitumie na nani asiitumie, ningeipendekeza kwa mtu mwenye sonona au wasiwasi wa kiwango cha chini hadi cha kati, mwenye usingizi uliovurugika, mfiwa ambaye masharti yalimnyima mazishi na ambaye bado hajapata pa kuyasemea, na aishiye mbali na mtaalamu yeyote. Singeipendekeza kwa anayesikia sauti zisizokuwapo, kwa mtoto mdogo, au kwa aliye katika hatari ya kujidhuru, kwa kuwa mshauri aliye mbali hawezi kumshika mkono. Swali la mwisho la dodoso la sonona huuliza juu ya mawazo ya kufa au kujiumiza, na anayejibu lolote zaidi ya “hata kidogo” hapaswi kuachwa na ujumbe wa moja kwa moja wa programu. Katika huduma hii hupigiwa simu na binadamu siku hiyohiyo, na hilo nawapa alama zote. Itafaa pia kukumbuka kwamba hofu iliyoenea mwaka 2020, kwamba watu wangejiua kwa wingi kutokana na kufungiwa, haikuthibitika katika miezi ya mwanzo: uchambuzi wa takwimu za nchi 21, zote za kipato cha juu au cha kati cha juu, uliochapishwa katika The Lancet Psychiatry mwaka 2021, haukuona ongezeko la jumla.

Nimesitisha usajili wangu baada ya kupata mtaalamu wa kuonana naye ana kwa ana. Kusitisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, ingawa kufuta kumbukumbu za mazungumzo kunahitaji ombi la pekee la maandishi, ambalo linajibiwa ndani ya mwezi mmoja. Anayenuia kuondoka alitume ombi hilo kabla ya kuifuta programu kwenye simu, kwa sababu baada ya kuifuta anwani ya kulituma haionekani popote.